Sisi Wenye Kurudi wa Mikelenge

Kama nyumbani kwako kuna mtu amefungwa kamba leo, au wewe mwenyewe umefunguliwa juzi na mikono bado inauma, sogea hapa karibu nami. Sina dawa. Daktari si mimi, mganga si mimi, na yule anayekuombea kwa makelele mpaka jasho linamlowesha shati si mimi pia. Mimi ni mwanamke wa Mikelenge, hapa Kindu. Nilikuwa nauza mikate ya mafuta karibu na steshoni ya reli, nikaugua kichwa, nikarudi. Habari za kuugua utazipata kwa kila mtu, hata kwa asiyeulizwa. Habari za kurudi ndizo watu hawasemi, na hizo ndizo ninazotaka kukupa.

Ugonjwa ulinianza baada ya kumzaa Riziki, binti yangu wa kwanza na wa pekee. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Usingizi ukanitoka. Mtoto akilala niko macho, mtoto akiamka niko macho. Kisha nikaanza kusikia watu. Miaka ile ya Zaire, kila asubuhi wafanyakazi walisimama mbele ya ofisi zao wakaimba na kukichezea Chama cha Rais kabla ya kugusa kazi, na ngoma zao zilifika hadi kwetu. Wenzangu walisikia nyimbo. Mimi nilisikia jina langu ndani ya nyimbo, na jina la mtoto, na kwamba tunangojwa sehemu. Siku moja nikamfunga Riziki mgongoni kwa kikwembe, nikafuata reli. Mvua inanyesha, mtoto analia, na mimi nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilikuwa na furaha.

Watu wa reli walitukuta mbali na mji, wakamwita mume wangu, Amisi, ambaye alikuwa fundi katika karakana yao. Amisi si mtu mbaya, nakuambia mapema usije ukamchukia. Lakini alikuwa kijana, na aliogopa. Walinifunga kamba ya katani mikononi na miguuni. Mama yake alifika kutoka Kailo, akanitazama pale chini, akamchukua mtoto mikononi mwa jirani.

"Mutoto asinyonye tena," alisema. "Hii maziwa ilishaingia wazimu."

Akaondoka naye kwenda Kailo. Riziki alikuwa hajaota hata jino.

Hospitali tulingoja barazani, kwenye benchi refu, mimi katikati ya Amisi na binamu yake. Ukiona mtu amekaa katikati ya wanaume wawili kwenye benchi la hospitali, jua ni mwenzetu. Palikuwa na wanawake waliokuja kupima watoto. Kila mtoto wa mwenzangu alipolia, maziwa yalinitoka yenyewe, blauzi ikalowa mpaka kikwembe. Amisi alitazama pembeni. Mama mmoja mzee akavua kitambaa chake cha kichwa akanifunika kifua. Simjui jina. Namwombea kila siku.

Muuguzi akatoka akauliza, "Jina?"

Nikasema, "Agata."

Amisi akasema, "Feza."

Wakati huo serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, kila mtu alitakiwa aitwe kwa jina la asili. Kwenye karata yangu ya kitambulisho iliandikwa Feza, lakini padri alinipa Agata, na mama yangu alikufa akiniita Agata. Muuguzi akamtazama Amisi, akatikisa kichwa. "Hata jina yake hajui," akasema, akaandika. Wee! Nilijua majina yangu yote mawili. Serikali ndiyo iliyochanganyikiwa, aliyedungwa sindano nikawa mimi.

Na kusema kweli, Mikelenge hakuna aliyeniita Agata wala Feza. Unajua desturi yetu: ukishazaa, jina lako linalala, unaitwa kwa mtoto. Mimi nilikuwa Mama Riziki. Nilikuwa nimeitwa hivyo kwa miezi michache tu, na nilikuwa bado nafurahi kila nikisikia.

Dawa ilinituliza, siwezi kuikana. Zile sauti zilipungua, zikawa za watu walio ng'ambo ya ukuta, kisha zikanyamaza. Lakini dawa haiji peke yake. Ulimi ukawa mzito mdomoni. Mate yalinitoka nikiwa naongea, mikono ikatetemeka hata kikombe kikawa kazi. Nilinenepa mpaka pete ya ndoa ikakatwa. Jua kidogo tu, ngozi inawaka. Damu ya mwezi ikakatika, lakini maziwa, kinyume chake, hayakukatika. Muuguzi alisema ni dawa inafanya vile. Basi nikakaa mle wodini nikitoa maziwa ya mtoto aliyekuwa Kailo akinyweshwa uji. Nililia sana kwa hilo, na nilipolia waliniongeza sindano, maana kule kilio nacho kiliandikwa kuwa ni ugonjwa.

Nilirudishwa nyumbani kiangazi kilipoingia, wakati mto unapungua na vumbi linakaa juu ya kila kitu. Nilifikiri kurudi nyumbani ndiyo kupona. Kumbe ndiyo kwanza naanza.

Siku ya kwanza nilitaka kumenya muhogo. Nikatafuta kisu, hakuna. Nikatafuta panga, hakuna. Nikamwuliza Amisi alipotoka kazini.

"Kisu iko wapi?"

"Kisu gani?"

"Amisi, kuna visu ngapi mu hii nyumba?"

Akatazama miguu yake. "Acha. Nitamenya mimi."

Akaingia chumbani, nikasikia anafungua sanduku, akatoka na kisu, akakaa kwenye kigoda kumenya muhogo. Mwanaume! Majirani walimwona, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akavumilia. Alimenya vibaya, akaacha nusu ya muhogo kwenye maganda, kisha akarudisha kisu sandukuni na kufunga. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Hata wembe wa kukatia kucha nilipewa na kungojewa niurudishe. Ukitaka kujua jinsi mtu anavyopungua, mwache nyumbani kwake mwenyewe aombe kisu.

Na salamu! Watu walipita wakamsalimu Amisi, kisha wakamwuliza juu ya kichwa changu, "Aliamuka je leo?" Mimi nimekaa hapo hapo, nasikia, nina mdomo. Waliponitaja walisema Feza, au yule wa Amisi. Hakuna aliyesema Mama Riziki. Mtoto hayupo, jina nalo likaondoka.

Nikamtuma Amisi kwa mama yake. Akaenda Kailo, akarudi peke yake.

"Anasema mutoto atarudi ukipona."

"Nani atasema kama nilipona?"

"Watu."

"Watu gani?"

Sikuwa na nguvu ya kumbana. Lakini nilijua sasa nangoja nini. Nangoja watu waseme. Na watu wale wale hawakutaka hata kunisalimu.

Ndipo akaja Mama Safi. Aliuza makayabu, samaki wa chumvi, kwenye soko la bandarini, na harufu ya samaki ilimtangulia. Alisimama mlangoni akapaza sauti.

"Hodi! Mama Riziki iko?"

Amisi alikuwa nje, lakini hakumwuliza Amisi. Alingoja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mimi ndiye ninayengojwa nijibu. Nikasema karibu.

Akaingia, akakaa chini bila kukaribishwa kiti. "Nilitumwa na enfirmiye, muuguzi wa hospitali," alisema. "Ule mwenye mwanya. Kila muntu anatoka kule, ananiambia. Mimi pia nilitoka kule. Muyomba wangu alinifunga ku nguzo ya nyumba, nilikula pale, nilikunya pale, mupaka mvua ikaisha." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya samaki. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nililala mu kile kitanda. Wewe usinieleze kunguni."

Nilicheka. Mdomo wangu mzito haukuweza kucheka vizuri, mate yakanitoka, naye akanifuta kwa ncha ya kikwembe chake kinachonuka samaki.

"Jumamosi kuko salongo," akasema. "Utakuja na siye."

Kwa wasiojua: salongo ilikuwa kazi ya lazima ya Chama. Jumamosi kila mtu atoke afyeke nyasi, azibue mitaro, afagie barabara. Na kila mtu alijua njia ya kukwepa. Huyu anaumwa tumbo, huyu ana msiba, huyu ana mjomba mkubwa ofisini. Mama Safi na wenzake wao waliitafuta salongo. Mikusanyiko miaka ile ilikuwa hatari. Watu wakikaa pamoja bila ruhusa, kesho wanaulizwa walikuwa wanasema nini, na nani, dhidi ya nani. Lakini nani atakukamata kwa kufyeka nyasi? Basi waliotoka wodi ile walikutania pale, kwenye mtaro wa mwisho wa Mikelenge, mashamba yanapoanzia. Walijiita wenye kurudi. Mjini waliitwa kilabu ya wazimu, na walijua, na Mama Safi alisema kilabu nyingine zote za Kindu hazina watu wa kufika kwa wakati kama sisi.

Jumamosi ile nilitembea naye mpaka kule, nimejifunika kichwa kwa sababu ya jua. Shefu wa mtaa, mtu wa Chama, alisimama na abakosti yake, ile suti ya Chama, akigawa vifaa. Mama Safi akachukua mapanga mawili, akanipa moja.

Shefu akaruka. "Huyu? Mupanga? Mama, uko na akili?"

"Hapana, sitwayeni shefu," Mama Safi akajibu, maana Chama kilitaka kila mtu aitwe raia, sitwayeni. "Njo maana niko hapa. Angalia barabara. Wenye akili wako wapi?"

Shefu akaangalia. Barabara ilikuwa tupu. Kutoka mtaa mzima tulikuwa sisi tu na mzee mmoja kiziwi. Akajaribu kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akavua kofia. "Bon. Mufyeke," akasema. "Lakini munipigie nyimbo ya Chama mbele, watu wasikie." Tukaimba, kila mmoja na sauti yake. Ilikuwa aibu kusikia. Tukaanza kufyeka.

Mikono yangu ilitetemeka, panga likapiga udongo kuliko nyasi. Upande wangu alikuwa Papa Lusangi, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuugua, mwembamba, na shati lake amelifunga vifungo vyote mpaka kooni. "Usiangalie nyasi yote," alinong'ona. "Kata yenye iko mbele yako tu."

Na wakiwa wanafyeka, waliongea. Kazi yao ilikuwa hiyo. Umeinama, macho yako chini, mwenzako hakutazami usoni, unasema. Mmoja alisema amelala vizuri juma hili. Mwingine alisema ndugu zake wanamfungia mlango wanapokwenda kanisani. Mmoja akasema dawa zimemtoa kwa mkewe kitandani, na Mama Safi akasema pole, baba, na mimi kwa mume wangu niko hivyo hivyo. Hakuna aliyeshangaa. Hakuna aliyeleta Biblia wala hirizi. Ilipofika zamu yangu, sikujua nitasema nini, nikasikia ninasema kwamba kwenye reli, na mtoto analia mgongoni, nilikuwa na furaha. Sikuwa nimemwambia Amisi wala muuguzi. Nikangoja mapanga yanyamaze. Hayakunyamaza. Papa Lusangi akasema, "Mimi pia nilifurahia vibaya," akaendelea kukata.

Nilipoinua kichwa, nilimwona Amisi barabarani. Alikuwa amefuata. Alisimama ananitazama nikiwa na panga mkononi katikati ya watu wenye mapanga, na wote tuna vyeti vya wazimu, na hakuna aliyekatwa. Akageuka akaenda zake. Niliporudi nyumbani nilikuta kisu juu ya meza ya jikoni. Nilimenya muhogo nikilia.

Kazi nyingine waliyonifanyia ni ya kula. Mvua ziliporudi nilianza tena kukaanga mikate pale steshoni. Abiria wanaoshuka treni walinunua, maana hawanijui, lakini kila aliyenunua alikuta mtu wa kumnong'oneza, na wengine walitema. Mikate yangu ikarudi nyumbani ikiwa baridi. Mama Safi akasikia. Kesho yake walikuja yeye na Papa Lusangi, wakasimama mbele ya karai langu penye watu wengi, wakala kwa sauti.

"Mikate hii! Mwalimu, uliona mikate hii?"

"Nasikia utamu mupaka mu masikio," Papa Lusangi alisema, naye alikuwa mtu wa aibu, uso umemwiva. Alikula mpaka nikamwambia basi, utapasuka. Walikuja hivyo kila treni. Watu ni watu, wakiona mwingine anakula, njaa inawashika. Polepole wakaanza kununua, kwanza watoto, kisha wachukuzi, kisha hata wale waliotema. Sikuwasamehe waliotema, ila niliwauzia.

Sitaki ufikiri kwamba kila mtu alirudi hivyo. Kiangazi kilichofuata dawa zilikwisha hospitalini. Tulikwenda, tukakaa kwenye benchi, tukaambiwa rudini juma lijalo, na juma lijalo tukaambiwa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimeficha vidonge vichache, Mama Safi mwili wake ulistahimili. Papa Lusangi alianza kuandika hesabu kwa makaa kwenye kuta za watu. Tulikaa naye kwa zamu, wawili wawili. Tulifuta kuta kabla wenyewe hawajaamka. Tulimlisha, maana mgonjwa haulizwi uji. Lakini ndugu zake walikuja kutoka kijijini, wakamfunga, wakampandisha treni. Tulimsindikiza mpaka steshoni, sisi wote wa mtaro. Shati lake lilikuwa wazi kifuani, na Mama Safi akaingia kati ya wale ndugu akalifunga vifungo mpaka kooni, nao wakamwacha afanye. Habari iliyotufikia baadaye ilikuwa ya msiba. Hatukuambiwa alikufaje.

Nilimwuliza Mama Safi kwa nini tulishindwa. Alikuwa anakata samaki, hakuniangalia. "Si kila muntu anarudi mara mbili," alisema.

Woga ulinishika, na ulikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Kama ugonjwa ungenirudia, na mimi bado sijamshika mtoto wangu? Nikaamua kwenda Kailo nisingoje watu waseme. Mama Safi alifunga genge lake, tukaenda pamoja. Tulivuka mto kwa mtumbwi, kisha tukapanda juu ya lori la mizigo, tumekalia magunia, naye akanishika mkono njia nzima bila kuongea. Huyo ndiye aliyekuwa haishiwi maneno.

Njiani nilijiandaa. Nilijua mama mukwe atakataa. Nilikuwa na maneno yangu yote, makali, nimeyapanga.

Tulipofika uani kwake hapakuwa na mtu. Moto unawaka jikoni, nguo zimeanikwa, gauni dogo katikati yake. Nikasimama nikilitazama gauni. Jirani mmoja akapaza sauti nyuma ya ua.

"Mama Riziki! We Mama Riziki! Chumvi iko?"

"Eee!" nikaitika. Ilinitoka tu.

"Eee!" sauti nyingine ikaitika kutoka jikoni.

Akatoka Zuhura, dada mkubwa wa Amisi, na mtoto kiunoni. Zuhura hakuzaa. Mumewe alimrudisha kwao kwa sababu hiyo, na maisha yake yote aliitwa Zuhura tu, kama msichana, na wanawake wadogo kwake wakiitwa mama fulani mbele ya uso wake. Sasa alikuwa na jina. Alinitazama, nikamtazama. Akamkaza mtoto kiunoni. Yule jirani wa chumvi alichungulia juu ya ua, akaona mambo, akarudisha kichwa.

Mama mukwe akatoka nyumbani. Alikuwa amezeeka. Akamwuliza Mama Safi, "Alishapona?"

"Umuulize yeye," Mama Safi akajibu. "Iko na mudomo."

Kikongwe akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kamba. "Ulishapona?"

Maneno yangu makali yote yakanikimbia. "Nilirudi," nikasema. "Kupona, mama, sijui."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu aliyesikia jambo la kweli asilolitegemea. "Basi," akasema. "Chukua mutoto wako."

Hivyo tu! Hakuna vita. Zuhura akamsogeza mtoto kwangu, akimtii mama yake, machozi yanamtiririka. Nikanyoosha mikono. Riziki akaiona mikono hii inayotetemeka, akapiga ukelele, akajibana kwenye shingo ya Zuhura mpaka kucha zikamwachia alama. Nikamshika kiunoni. Angekuja tu, alikuwa mdogo, nguvu nilikuwa nazo. Lakini nilikwisha kuona mtoto huyu anaondolewa kwa mama kwa nguvu mara moja. Nikamwachia.

"Abaki kwanza," nikasema.

Juu ya lori, kwenye magunia, Mama Safi aliniuliza, "Uliogopa ugonjwa, ao uliogopa mutoto?"

"Sijui."

Hakunipa pole. Ningempiga kama angenipa pole.

Nilikwenda Kailo kila nilipoweza, kiangazi na masika, na mikate ndani ya karatasi. Zuhura, Mungu amlipe, alimkalisha mtoto mapajani mwangu na kumwambia, "Huyu njo mama yako." Riziki aliniita Mama wa Kindu. Zuhura ndiye aliyeitwa Mama. Mimi na Zuhura tuliitana Mama Riziki, wote wawili, watu wakacheka, tukawaacha wacheke. Sitakudanganya kwamba haikuuma. Kila safari nilirudi nikapita mtaroni Jumamosi, nikainama, nikasema ilivyouma, na kwa kuwa sasa mimi nilikuwa wa zamani, upande wangu kulikuwa na mtu mpya mwenye mikono inayotetemeka, nikamwambia akate iliyo mbele yake tu.

Riziki alipofika umri wa shule, Zuhura alimleta mwenyewe Kindu. Alikaa kidogo, akala, akamwonyesha mtoto mlango wa choo na mahali pa maji kama vile nyumba ni yake. Kisha nikamsindikiza mpaka mtoni. Alipopanda mtumbwi hakugeuka, na mimi nilibaki ukingoni mpaka akashuka ng'ambo, kwa sababu najua jinsi mtu anavyotembea akitoka kuachiwa mikono mitupu.

Siku za mwanzo mtoto alikuwa na adabu sana nami, adabu ya mgeni. Shikamoo, asante, nimeshiba. Kisha homa ikamshika, ile ya mvua za kwanza. Mchana, jua kali, nilikuwa nje naosha karai. Nilimsikia analia ndani, kwanza chini chini, kisha kwa nguvu.

"Mama! Mama, kuya hapa!"

Alikuwa hajaniita hivyo hata siku moja. Nilijua anamwita nani. Nikaitika.